Idi Inakuja, na Aliyenifunza Mkate Sijamtaja

Somo, asalaam alaikum.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, mtaa wa Langoni, nimeolewa Malindi na nina watoto watatu. Umri wangu ni miaka 41. Nilicho nacho moyoni mtu akikisikia juu juu atasema ni mambo ya jikoni tu, lakini kimeninyima raha tangu Idi ya 2025, na sasa Ramadhani imeingia na Idi nyingine iko njiani.

Marehemu babangu alikuwa na wake wawili. Mamangu ndiye mke mkubwa. Nilipokuwa na miaka 6 babangu alioa mke wa pili akamweka Mkomani, mwendo wa vichochoro vichache kutoka kwetu. Hakumwambia mamangu, mamangu alizisikia habari kwa jirani, ndoa ikiwa imekwisha kufungwa. Hakugomba wala hakuondoka. Ila tangu siku ile sijamsikia akimtaja mwenzake kwa jina. Husema "kule kwa babako", na hata baada ya babangu kufariki mwaka wa 2011 bado ni "kule kwa babako".

Sisi watoto tulimwita Mama Mdogo. Idi mosi tulikuwa kwetu. Idi pili, baada ya adhuhuri, tulikwenda kwake kumpa mkono wa Idi. Mamangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akinisuka, akinivika nguo mpya, akinipachika kikuba, kisha akinisindikiza mpaka pembeni mwa msikiti. Alisimama hapo mpaka niingie mlangoni, ndipo akageuka.

Idi ninayoikumbuka zaidi ni ya mwaka wa 1993, nikiwa na miaka 9. Wenzangu walikimbilia ufuoni na pesa zao za Idi. Mimi nilibaki jikoni kwa sababu ya harufu ya hiliki. Mama Mdogo alikuwa akitayarisha mkate wa sinia wa wageni wa usiku. Aliniambia, "Lete kidole," akakichovya katika maji ya kuamshia hamira. "Kidole kikistahimili, hamira itaishi. Kikiruka, umeiua." Baadaye, rojo la mchele na tui lilipoumuka, alinipa gilasi ya maji nidondoshe tone moja. Likaelea. "Sasa liko tayari. Lingezama, tungengoja." Akapasha sinia juu ya seredani, akalipaka samli, akamimina polepole huku amenishika mkono nisiguse. "Usilitikise. Tazama macho." Nikatazama. Vipovu vilipanda kimoja kimoja, vikapasuka, vikaacha vitundu, mpaka uso wote ukawa umefumbua macho. Ndipo akafunika na kupalia makaa juu ya kifuniko. "Ukiupalia kabla haujafumbua, umeufumba, nao hautafumbuka tena."

Kuanzia hapo kila Idi pili niliondoka na kitu. Mwaka mmoja alinifunza kutia chumvi kidogo kwenye vitunguu vya biriani ili vitoe maji na kushika rangi upesi. Mwaka mwingine ilikuwa papai bichi kwenye nyama ngumu, lakini lisikae muda mrefu nyama isije ikawa uji. Tui likorogwe bila kusimama mpaka lichemke, la sivyo hukatika. Pilipili kavu zikae ndani ya pipa la mchele, fukusi wasiingie. Ni mambo madogo madogo, lakini ukiyaondoa hayo, jikoni kwangu hapabaki kitu.

Nikirudi nyumbani nilibebeshwa bakuli la kauri lenye maua ya samawati, limejaa visheti, limefunikwa kawa. Mamangu alilipokea, akavimimina visheti katika sahani, akaliosha. Asubuhi yake nilirudishwa nalo likiwa na ndimu za mti wetu wa uani. "Mpelekee mwenyewe," ndiyo maneno yake yote.

Mamangu si mpishi wa sherehe. Yeye ni mshonaji wa kofia za vito, na kwa sindano ile alinilipia karo mpaka nikamaliza shule ya upili.

Tangu 2018 hupokea oda za Ramadhani na Idi hapa Malindi: mkate wa sinia, biriani, visheti. Kwenye visanduku nimebandika karatasi yenye maneno "Mapishi ya Mama". Mamangu alipokiona kisanduku cha kwanza alikishika kwa mikono miwili akalia. Nilishindwa kusema neno.

Idi ile ya 2025 tulikula mchana kwa mamangu, ukoo mzima. Shangazi aliukata mkate nilioupika, akasema mbele ya watu wote, "Huu ndio mkono wa mamako." Mamangu alitabasamu, akainamisha macho. Nami nikanyamaza, kama ninavyonyamaza kila mwaka.

Kesho yake nikaenda Mkomani. Mama Mdogo sasa haoni vizuri. Wanawe wanasema ni mtoto wa jicho. Nilimkuta akimenya hiliki kwa kupapasa. Akaniuliza, "Ule mkate wako, watu huusifu?" Nikamwambia huusifu sana. "Husema ni mkono wa nani?" Sikujibu. Alingoja, kisha akasema, "Haya," akaendelea kumenya.

Somo, hiyo "haya" ndiyo inayoniamsha usiku. Mume wangu anasema Idi hii nisimame nimtaje mbele ya wote, haki iende kwa mwenyewe. Dadangu anasema mamangu ana miaka 70 na uchungu wake alikwisha kuumeza. Nikimtaja yule mbele ya ukoo nitakuwa nimemwozesha babangu mke wa pili kwa mara nyingine, safari hii mbele ya watu. Naogopa kuwa fadhila ya punda, na naogopa kumvunja mamangu. Nifanye nini?

Mwenye deni, Malindi

JIBU

Mwanangu, waalaikumu salaam warahmatullahi.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza niliisoma kwa macho ya Mama Mdogo, na ile "haya" ikanichoma. Mara ya pili nikaisoma kwa macho ya mamako, pale alipokishika kisanduku. Naona kwa nini hulali.

Nikikuelewa vizuri, una shukrani uliyoibeba tangu utotoni, na kila unapotaka kuitua pana mtu ataumia. Lakini ndani ya barua yako kuna jambo la pili lililojificha nyuma ya hilo. Sifa ya mmoja umeiacha imwendee mwingine, Idi baada ya Idi. Ningependa uyatenganishe haya mawili. Shukrani waweza kuitoa faraghani, wewe na yeye, mlango umefungwa. Sifa iliyokwenda kusiko, hiyo hairudi mpaka angalau mtu mmoja zaidi asikie. Mumeo anazungumzia la pili. Mama Mdogo alipokuuliza, sijui alikuwa akitafuta lipi. Huenda hakuwa akidai chochote kwa watu. Huenda alitaka kusikia kwa mdomo wako tu kwamba unakumbuka.

Sasa niruhusu nikuulize jambo. Umeandika kana kwamba mamako hajui. Una hakika?

Mama aliyekulea nyumba moja anajua vyema kwamba si yeye aliyekufunza kupalia mkate. Visheti vya bakuli lile alivimimina kwa mkono wake miaka na miaka. Na mtu anayeshona kofia za vito, kitundu kwa kitundu, miezi kwa kofia moja, ana jicho la kutambua kazi ya mkono wa mtu mwingine. Shangazi alipousifu mkate, umesema mamako aliinamisha macho. Wewe umeichukua kuwa ni soni ya kusifiwa. Yawezekana. Yawezekana pia naye amebeba kitu kile kile ulichokibeba wewe, na kila mmoja wenu ananyamaza kwa kumwonea huruma mwenziwe. Sidai kwamba ndivyo. Nasema usifanye uamuzi mkubwa kwa kudhania, wakati mwenyewe yuko hai na anaweza kuulizwa.

Kuna mahali katika barua yako ulipopita haraka, nami nikasimama hapo kwa muda. Ni pale pembeni mwa msikiti. Mwanamke aliyeletewa mke mwenza bila kuambiwa, akazisikia habari kwa jirani, kila Idi pili amekusuka, amekupachika kikuba, amekupeleka. Kwa mguu wake. Angeweza kukuweka ndani. Wako waliofanya hivyo, na sitawalaumu, maana uchungu ule si wa kuhadithiwa. Yeye alikufikisha, akasimama mpaka uingie.

Kisha zile ndimu. Kwetu pwani chombo cha watu hakirudishwi kitupu, hilo hata mtoto anajua. Sitakwambia ndimu zile zilikuwa mapenzi. Pengine zilikuwa adabu tu. Pengine zilikuwa heshima yake mwenyewe, asije akadaiwa na mke mwenza hata kisheti kimoja. Lakini mafunzo yote uliyoyapata Mkomani yalipita katika mlango alioufungua yeye, na sidhani kama umewahi kumwambia kwamba unaijua kazi ile aliyoifanya. Ya Mama Mdogo umenieleza kwa ukamilifu, tone na gilasi na macho ya mkate, hata mimi niliyepika miaka mingi nikaenda kulijaribu lile tone. Ya mamako umeyapa mistari miwili, na mmoja umeanza kwa kusema si mpishi. Karo ya miaka yote ile ilitoka kwenye sindano. Huenda basi una shukrani mbili ambazo hazijatamkwa, wala si moja.

Wewe ni mtu wa dini, kwa hiyo najua yaliyo masikioni mwako. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Na alipoulizwa ni nani mwenye haki zaidi ya kutendewa wema, alijibu mama yako, mara tatu, kabla ya kumtaja baba. Nafikiri usiku unayasikia haya mawili kama yanagombana. Mimi sioni ugomvi kati yao. Naona yanakutaka uangalie namna ya kulifanya jambo, na wakati wake.

Na wakati ni kitu ninachokihofia katika habari yako. Mwaka wetu wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa jua, ndiyo maana Idi huhama. Ile ya 1993 iliangukia mwisho wa Machi. Ya 2025 nayo ikaangukia mwisho wa Machi. Yaani Idi imezunguka mwaka mzima, imepita kusi na kaskazi, imerudi ilipoanzia, na neno lako bado liko kinywani. Mzunguko wa pili kama huo wazee hawa wawili hatuwezi kuwaahidi.

Tuyatazame basi yaliyo mbele yako.

Ushauri wa mumeo una uzuri wake, kwa kuwa anaona dhuluma na anataka iondoke. Ila fikiria chumba chenyewe. Sinia limewekwa, ukoo umekaa, mamako yuko mbele ya mawifi zake, ndugu wa mume yule yule. Ukisema hapo, hana nafasi ya kulipokea neno faraghani kwanza. Shangazi aliyesifu ataona ameumbuliwa. Na yule unayemshukuru hayupo. Yuko Mkomani, atasimuliwa na watu, na watu hawasimulii kama ulivyosema. Ukipenda njia hiyo, basi iwe ya mwisho, baada ya mamako kujua na kukubali.

Kunyamaza, kama anavyotaka dadako, si ubaya mtupu. Ziko nyumba zilizosimama kwa sababu watu walijua lipi la kutosema. Lakini dadako haamshwi usiku na ile "haya", unaamshwa wewe. Siku Mama Mdogo atakapotangulia mbele ya haki utaenda kuzika na neno lako mfukoni, na sijui utalipeleka kwa nani. Tena una watoto. Wanakua wakijua historia ya mkate huu kwa makosa, na siku wakiujua ukweli kwa mtu mwingine watajiuliza kwa nini mama yao alinyamaza.

Waweza kwenda Mkomani peke yako, kabla ya Idi. Kama ni hivyo, nakuomba usimwambie "ahsante kwa yote". Mzee akiambiwa hivyo huisikia kama kwaheri. Mwambie vitu vyenyewe. Mwambie kidole chako bado kinachovywa kwenye maji ya hamira kila alfajiri ya oda. Kama umeshamfunza mwanao kungojea macho, mwambie hilo pia, na kwamba umempa maneno yale yale aliyokupa yeye. Mtu asiyeona vizuri aonyeshwe kwa maneno. Hatari yake ni kwamba huenda akakuuliza, "Na mamako anajua?" Na huenda akakuambia usimwambie, ukarudi Malindi na siri mbili badala ya moja. Uende ukiwa umeshajua utajibu nini.

Au uanze na mamako. Mkiwa wawili tu, mkono wake umeshika sindano, maana washonaji husema vizuri zaidi macho yakiwa kwenye kazi. Usiende kama mtu anayekuja kutubu. Ukianza na "nisamehe" utampa mzigo wa kukufariji wewe. Anza na yake. Mwambie unaikumbuka pembe ile ya msikiti. Mwambie ulimwona akisimama. Halafu umuulize kuhusu zile ndimu, unyamaze, umwachie muda. Inawezekana atafungua. Inawezekana atakukata: "Mambo ya zamani hayo." Anaweza hata kukuambia wazi kwamba hataki jina lile litajwe nyumbani mwake maisha yake yote. Hilo lazima uwe tayari kulisikia. Ukishamuuliza umejifunga, utakuwa umempa haki ya kujibu, na jibu lake litakubidi uliheshimu mezani pake, hata kama kwa Mama Mdogo utakwenda kusema yako.

Kuhusu karatasi ya kwenye visanduku, kuna watakaokuambia hakuna tatizo, kwani "mama" ni neno pana, Mama Mdogo naye ni mama, basi lenyewe linawakusanya wote wawili. Ni maneno mazuri na yana ukweli wake, lakini usijifiche ndani yake mapema. Wewe ulipoandika ulijua nani atakayeisoma na atakavyoielewa. Siku mamako akijua na akabaki amekishika kisanduku kile kile, neno hilo litawatosha wote wawili. Wala usiing'oe kwa ghafla kabla ya Idi. Aliilia, asije akaona imenyang'anywa mikononi mwake bila sababu.

Sitakuchagulia njia mwanangu, mimi siishi na wazee hawa. Nakuomba tu usiwaache dadako na mumeo wakufanye uamini kwamba njia ni mbili, kelele au kimya. Zipo zilizo kati, za watu wawili wawili, jikoni au uani, na nyingi katika hizo zinaweza kufanyika kabla mwezi haujaandama.

Kuna jambo jingine la kufanya ambalo halingoji lolote kati ya haya. Hayo macho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi ya jicho, na daktari huiondoa lenzi ile kwa upasuaji mfupi akaweka nyingine ya bandia. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengi wetu pwani huwaacha wazee wakipapasa tukidhani ni uzee, hauna dawa. Lakini si kila ukungu ni mtoto wa jicho. Presha ya macho nayo huiba uoni polepole, na kinachopotea kwa presha hakirudi, kwa hiyo apimwe na daktari wa macho, tena upesi. Mombasa kuna hospitali za macho. Zungumza na wanawe kwanza, wao ndio wenye mama, usije ukaonekana unawapita. Uulize kama wameshampeleka, na kama kuna nauli au gharama ya kuchangia. Safari kutoka Lamu ni ndefu kwa mzee: mashua hadi Mokowe, kisha basi zaidi ya kilomita 200 hadi Malindi, halafu Mombasa. Malindi iko katikati ya njia, na wewe una nyumba hapo. Akilala kwako usiku mmoja, jiko litakuwa lako, na atausikia mkate kwa harufu kabla hajaambiwa.

Jambo moja hukuniandikia, nami nimeliwaza tangu nilipoisoma barua yako: bakuli lile la maua ya samawati, sasa hivi liko nyumba gani?